Watu wa Nyuma: Safari ya Muziki Kutoka Spika Mbili Hadi Chumba Kizima

Majira ya baridi ya Toronto yanajulikana na kila aliyewahi kusubiri basi la TTC usiku wa Februari. Ndiyo maana baadhi yetu, watu wa Tanga, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Nairobi na Bukavu, tumekuwa na kawaida ya kukutana Jumamosi jioni katika besimenti ya nyumba moja huko Scarborough. Chai ya tangawizi huwa mezani, kaimati huwa kwenye sinia, na nyimbo za zilipendwa hupigwa hadi watoto wa mwenye nyumba waje kulalamika. Kwa miaka mingi ubishi wetu mkubwa ulikuwa ni nani aliyepiga solo katika wimbo fulani. Kisha mwenzetu mmoja akanunua seti ya spika tano na moja ya besi, na ubishi ukageuka. Je, wimbo uliorekodiwa kwa spika mbili, au hata moja, unaweza kuzungushwa chumba kizima ukatuweka katikati ya bendi?

Swali hilo lilitufanya tusome, tuulize na kuunganisha nyaya kwa miaka kadhaa. Tunayoyaandika hapa ni historia tuliyoikuta njiani, na sehemu yake moja ilipita hapa hapa mjini kwetu. Tunaandika pia kosa moja tulilolifanya wenyewe. Wapo watakaosema hii ni michezo ya watu wazima, nasi hatukatai. Lakini anayeishi ughaibuni anajua kwamba kanda kuukuu ya muziki mara nyingine ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki ya ukumbi uliokwisha kubomolewa na watu waliokuwamo.

Tuanze kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari na wapigaji wake kutoka Unguja kwenda Bombay, kurekodi santuri kwa kampuni ya Gramophone, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Santuri ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Nyimbo ambazo barazani zingerefushwa kadiri wasikilizaji walivyopenda zilikatwa zikatosha humo. Ala zote na sauti ya Siti vilipita katika mfereji mmoja mwembamba, vikatokea kwenye tundu moja la gramafoni. Aliyekaa kulia na aliyekaa kushoto walisikia kitu kile kile, wala hapakuwa na aliyelalamika. Wazee waliotusimulia habari za gramafoni walizungumzia zaidi umati uliojaa kibarazani kuisikiliza. Sauti ya kuzunguka ilikuwa ni ya wasikilizaji wenyewe.

Miaka mitatu baadaye Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza wa kampuni ya EMI, aliomba hataza ya kurekodi sauti kwa mikondo miwili. Inasimuliwa kwamba alikereka alipokuwa sinemani: mwigizaji anatembea kutoka upande huu wa pazia hadi ule, na sauti yake imebaki pale pale kwenye spika. Ombi lake la Desemba 1931 lilieleza jinsi maikrofoni mbili zinavyoweza kushika tofauti baina ya kulia na kushoto, na jinsi mfereji mmoja wa santuri unavyoweza kubeba mikondo yote miwili. Blumlein alifariki mwaka 1942 katika ajali ya ndege, akijaribu rada ya vita, na santuri za stirio hazikuenea madukani hadi mwaka 1958.

Katika kazi yake liko jambo moja ambalo msomaji alishike, maana litarudi tena na tena. Alionyesha kwamba mikondo miwili inaweza kutazamwa kwa namna nyingine, yaani kama jumla na tofauti. Jumla ina nguvu pale ambapo kulia na kushoto vinakubaliana. Tofauti ni kile ambacho upande mmoja unacho na mwenzake hana. Hila karibu zote zilizofuata za kuzungusha muziki nyumbani zimejengwa juu ya tofauti hiyo.

Kwetu stirio ilichelewa, na sababu kubwa ni redio. Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1951 ilibadilishwa jina zaidi ya mara moja, mpaka mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD tuliyokua nayo. Kwa miaka mingi studio yake ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa kurekodi kwa bendi za nchi ile: NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Atomic ya Tanga na nyinginezo. Bendi iliingia na watu wake wote, ikapiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, fundi akapima uwiano hapo hapo, utepe ukazunguka. Tarumbeta ikikosea, wimbo unaanzwa upya. Kilichotoka kilikuwa mono, kwa sababu matangazo ya masafa ya kati na mafupi yalikuwa mono na redio ya mkulima ilikuwa na spika moja. Aliyetaka wimbo wake utoke kwenye santuri kwa kawaida alifunga safari ya Nairobi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muziki tunaoulilia huku haikuzaliwa na kulia wala kushoto.

Mnamo mwaka 1970 Mmarekani David Hafler, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Dynaco, alieneza mbinu ambayo haikuhitaji kununua chombo kipya, ila spika za ziada na waya tu. Amplifaya ya stirio ina ncha chanya ya kulia na ncha chanya ya kushoto. Spika ya kawaida huungwa baina ya chanya na hasi ya upande wake. Hafler alichukua spika ya nyuma akaiunga baina ya chanya na chanya, na spika iliyoungwa hivyo hupokea tofauti peke yake. Mwimbaji aliyewekwa katikati, ambaye yumo sawasawa kulia na kushoto, hufutika. Kinachobaki ni mwangwi wa ukumbi, makofi, na ala zilizosukumwa pembeni. Wenye karaoke wanaijua hila hii kwa upande wake wa pili, maana ndiyo iliyotumika zamani kumwondoa mwimbaji ili mjomba apate nafasi ya kuimba. Tahadhari moja kwa atakayejaribu: zipo amplifaya ambazo ncha hasi za pande mbili hazikuunganishwa pamoja, na ukizifunga waya namna hiyo zinaungua. Tunaijua harufu yake.

Tulipojaribu mara ya kwanza tulichagua, kwa mapenzi tu, kanda ya nyimbo za RTD iliyokuja Toronto ndani ya sanduku la nguo. Tukaketi, tukanyamaza. Mbele bendi ilipiga. Nyuma tukasikia mvumo, shhhh, na ndani ya mvumo huo kulikuwa na ncha za sauti, toazi za ngoma na herufi za "s" za mwimbaji, kama mtu anayenong'ona nyuma ya mlango. Mmoja wetu aliapa kwamba anaisikia studio yenyewe, kuta na dari. Tulifurahi mno, simu zikapigwa hadi Ottawa.

Fundi wa umeme aliye miongoni mwetu ndiye aliyetuharibia. Wimbo ule ni mono, akasema. Kulia na kushoto vilipaswa kuwa kitu kimoja, na ukitoa kitu kwa chenyewe unabaki na sifuri. Tulichokisikia ni kanda tu. Kila njia ya utepe ina mvumo wake, na kichwa cha kusomea kilikuwa kimekaa mshazari kidogo, hata sauti nyembamba za upande mmoja zikachelewa nyuma ya zile za upande wa pili. Nyuma yetu hapakuwa na studio ya Dar es Salaam. Palikuwa na uchakavu wa kanda iliyonakiliwa kutoka mkono hadi mkono. Ilitubidi tupige tena simu Ottawa.

Sasa tugeukie mji huu tunaoishi. Nje ya jengo la CBC, Front Street, kuna sanamu ya shaba ya mtu aliyeketi kwenye benchi na koti lake zito, na wapita njia huketi kando yake wakapigwa picha. Huyo ni Glenn Gould, mpiga piano aliyezaliwa Toronto mwaka 1932. Aliacha kupiga mbele ya hadhira mwaka 1964, akiwa na miaka 31 tu na jina kubwa duniani, akahamia studio moja kwa moja. Mwaka 1966 aliandika makala ndefu juu ya mustakabali wa kurekodi. Humo alitoa hoja kwamba msikilizaji wa nyumbani anayezungusha vitufe vya chombo chake tayari anashiriki kuutengeneza muziki, na kwamba uwezo wake utaongezeka. Wako wapenzi wa muziki wa Ulaya waliomwona amepotoka. Sisi tuliokuwa tukibishana juu ya nyaya katika besimenti tulimwona ni mwenzetu.

Kwenye kona ya Yonge na College limesimama jengo lililokuwa duka kubwa la Eaton's, na ghorofa ya saba ina ukumbi ambao tangu mwaka 2003 unaitwa The Carlu. Zamani ulikuwa Eaton Auditorium. Humo, mwaka 1970, Gould alirekodi sonata ya tano ya Scriabin kwa namna ya ajabu. Maikrofoni zilipangwa kwa safu nne. Safu ya kwanza ilikuwa ndani ya piano, karibu kabisa na nyuzi. Zilizofuata zilirudi nyuma hatua kwa hatua, na ya mwisho ilikuwa mbali ukumbini, ikisikiliza zaidi kuta kuliko piano. Kila safu ilipewa njia zake mbili katika utepe wa njia nane. Alikusudia kuzichanganya kama mpiga filamu anavyotumia kamera: hapa karibu mpaka uone jasho, pale mbali mpaka piano iwe nukta mwisho wa ukumbi. Ukumbi wenyewe ulipaswa kuwa ala.

Mchanganyiko wa sonata ile hakuumaliza. Alifariki mwaka 1982. Lakini tepu zilitunzwa zikiwa na njia zake zote, na miaka mingi baadaye Paul Théberge, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, alizirudia akauandaa mchanganyiko kwa kufuata nia ya mwenyewe. Kampuni ya Sony iliutoa mwaka 2012. Tuliposoma habari hizo tulitazamana, na msomaji ataona baadaye kwa nini.

Wakati Gould akihangaika na safu zake, wafanyabiashara nao hawakulala. Mwaka 1971 Ontario Place ilifunguliwa ufukweni mwa Ziwa Ontario, na ndani ya duara la Cinesphere watu walitazama filamu za IMAX zenye sauti ya mikondo sita. Miaka hiyo hiyo viwanda vilileta kwadrafoni, muziki wa spika nne nyumbani. Bahati mbaya ilikuja kwa mifumo mitatu isiyopatana: SQ ya CBS, QS ya Sansui na CD-4 ya JVC. Mnunuzi alitakiwa aamue vita vya watu wengine kwa fedha zake, naye akaamua kubaki na spika zake mbili. Kabla ya muongo kwisha kwadrafoni ilikuwa imekufa. Mifupa yake tuliikuta hapa Toronto majira ya joto, katika vikorokoro ambavyo watu huvipanga mbele ya gereji zao. Chombo kimoja cha Sansui tulikipata kwa dola chache, na kilikuwa na swichi ya kugeuza stirio ya kawaida kuwa mikondo minne. Kilitupendeza kuliko vingi vipya vilivyofuata, labda kwa sababu ya zile taa zake za kijani.

Sinema ndiyo iliyoifufua hila. Dolby ilichukua mikondo minne ya sauti ya filamu ikaikunja ndani ya miwili, kwa namna kwamba wa nyuma umefichwa kwenye tofauti, na filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ikaipeleka mbali. Kuanzia mwaka 1982 vikaja vyombo vya kuikunjua nyumbani, na mwaka 1987 vikaja vya Pro Logic vilivyofanya kazi hiyo kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2000 ikafuata Pro Logic II, iliyobuniwa na Jim Fosgate, na hiyo ilikuwa na mpangilio maalumu wa muziki. Hapa ndipo kile kisanduku cha mwenzetu kinapoingia. Ndani yake dikoda hutazama kila sehemu ndogo ya sekunde na kuuliza: sauti hii iko sawa kulia na kushoto? Basi iende katikati. Inatofautiana? Basi isogezwe nyuma. Ni waya wa Hafler uliosomeshwa.

Tuseme kweli, kwa muziki fulani ilikuwa raha. Diski za Nairobi za miaka ya 1980, zilizorekodiwa kwa stirio na gitaa moja kila upande, zilifunguka kama kanga. Gitaa la ridhimu lilijongea hadi kando ya bega, na mwangwi wa saksafoni ukatua ukutani nyuma. Wenzetu wa Bukavu walitoka jasho kwa rumba hadi saa nane za usiku. Taarabu ilikuwa ngumu zaidi. Fidla zikivuta pamoja dikoda haikujua iziweke wapi, zikawa zinayumba huku na huko kama abiria wa daladala. Baada ya nusu saa kichwa kinauma, na bibi mmoja wa Unguja alituomba kwa upole turudishe muziki mahali pake.

Toronto ilishuhudia pia jaribio kubwa kuliko yetu yote. Mwaka 1955 Gould alikuwa amerekodi huko New York tungo za Goldberg za Bach, kwa mono. Nusu karne baadaye kampuni ya Marekani iitwayo Zenph ilitumia kompyuta kuisoma rekodi ile, noti kwa noti, ikipima nguvu ya kila kidole na muda wa kila pedali. Septemba 2006, katika Glenn Gould Studio iliyo ndani ya jengo lile lile la CBC, piano isiyo na mtu ilizipiga noti hizo mbele ya maikrofoni mpya, na mwaka 2007 diski ikatoka ikiwa na sauti ya kuzunguka. Piano ni safi na ukumbi ni mzuri. Gould alikuwa na tabia ya kuimba kwa kuguna alipokuwa akipiga, na miguno hiyo humo haimo, kwa kuwa kompyuta ilisoma vidole tu. Wengine kati yetu waliona ni nafuu. Wengine walisema mwenye nyumba ametolewa nje ya nyumba yake.

Miaka ya karibuni mambo yamekwenda mbio. Dolby Atmos, iliyoanzia sinemani mwaka 2012 kwa kuweka sauti hata juu ya vichwa vya watu, iliingia kwenye huduma za muziki mwaka 2019, na mwaka 2021 Apple wakaieneza kwenye simu na vipokezi vya masikioni. Wanaotaka kugeuza nyimbo za zamani siku hizi hawategemei tofauti peke yake. Wanatumia programu zilizofundishwa kuchambua. Kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa Spleeter mwaka 2019, bure kwa yeyote mwenye kompyuta, na wengine wakafuata kwa programu bora zaidi. Unaipa wimbo mmoja, inakurudishia mafungu manne: sauti ya mwimbaji, ngoma, besi, na vinginevyo. Kisha unaliweka kila fungu kwenye spika uipendayo. Kwa njia za namna hii Beatles walitoa wimbo mpya mwaka 2023, sauti ya John Lennon ikiwa imechomolewa kutoka kwenye kanda ya nyumbani.

Soma tena yale mafungu manne. Mashine ilifundishwa kwa muziki wa watu wa huku, ambao kwao bendi ni ngoma, besi na mwimbaji. Tulipoipa taarabu, kanuni, udi, fidla, kodiani na nai vyote viliingia katika vinginevyo. Dumbaki iligawanyika, mipigo mizito ikaenda kwenye besi na myepesi kwenye ngoma. Muziki wa dansi ulikuwa hivyo hivyo. Solo, solo la pili na ridhimu, ambayo ndiyo mazungumzo yenyewe ya wimbo, yalifungwa pamoja ndani ya gunia moja lililoandikwa vinginevyo. Tulicheka sana siku ile, na mmoja wetu hadi leo anaitwa Vinginevyo.

Tumefika kwenye kosa letu. Mzee mmoja wa kikundi, mtu wa Tanga, alifariki akatuachia mfuko wa kanda. Mojawapo ilikuwa ya taarabu ya harusi ya mwaka 1984, iliyorekodiwa kwa radio-kaseti yenye maikrofoni mbili ndogo, moja kila pembe. Yaani ilikuwa stirio ya kweli, pengine bila mrekodi mwenyewe kujua. Mwaka 2008 tuliihamishia kwenye kompyuta. Mvumo ulikuwa mwingi, tukatumia programu ya kusafisha. Unaionyesha kipande kidogo cha kelele, nayo inaondoa kila kinachofanana nacho. Tukairudia mara mbili, mara tatu, mpaka mwimbaji akang'aa. Halafu tukaipitisha kwenye dikoda, na kwa kuwa nyuma palionekana pakavu tukaongeza mwangwi wa ukumbi, ule unaochaguliwa kwa kitufe. Tukachoma diski. Faili ghafi tukalifuta ili kupata nafasi. Kanda yenyewe, ambayo utepe wake ulikuwa umeanza kukunjamana, ilitupwa mmoja wetu alipohama nyumba.

Tulimpelekea mjane wa mzee diski na kisanduku cha kuichezea, tukapanga spika tano sebuleni kwake Etobicoke, tukamkalisha katikati kama bibi harusi. Alisikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, ahsanteni. Lakini watu wangu mumewapeleka wapi?"

Hatukuelewa mara moja. Akatueleza kwamba kanda ile mumewe alikuwa akiipiga kwa ajili ya watu: shangazi zake waliokuwa wakipiga vigelegele, mwanamke aliyekuwa akimwita mtoto, mtu aliyeangusha kiti mshairi alipofika kwenye mafumbo, vicheko vya waliokwenda kutunza. Programu yetu iliyahesabu hayo yote kuwa kelele. Tulikuwa tumemwondoa kila aliyehudhuria harusi, tukamweka mama wa watu katika ukumbi ambao haujapata kujengwa popote, mtupu, wenye mwangwi mzuri.

Jambo lililotuuma zaidi tulilielewa baadaye kidogo. Katika kanda ile, kati ya zote tulizokuwa nazo, mbinu ya Hafler ingefanya kazi hasa. Mwimbaji alikuwa mbele ya radio-kaseti, watu walikuwa pande zote, na maikrofoni mbili zilishika tofauti yao. Waya mmoja wa chanya kwa chanya ungewaweka shangazi wale nyuma ya kiti cha mjane, mahali walipokuwa usiku ule. Sisi tuliifuta tofauti kwanza, kisha tukaenda kutafuta sauti ya kuzunguka.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu. Kanda ikiletwa, inahamishwa kama ilivyo, na mvumo wake na mikwaruzo yake, na faili hilo haliguswi. Linanakiliwa kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Kanda inarudi kwa mwenyewe ndani ya mfuko mkavu. Baada ya hapo anayetaka kuuzungusha wimbo auzungushe, hata aupeleke darini, ila jina la faili liseme kilichofanywa. Vijana wetu wanaona tumezidi ukali. Na waone.

Mwaka jana jamaa wa mzee aliyeko Maskati alitutumia nakala nyingine ya harusi ile, aliyoipata Tanga miaka hiyo. Ni nakala ya nakala, na palipo na kinasa kimojawapo cha mono katika safari hiyo, kwani kulia na kushoto ni kitu kimoja. Tuliunga spika za nyuma kwa kujaribu bahati. Mvumo tu. Tukajaribu na programu ya kuchambua, nayo iliwatia shangazi na mwimbaji katika fungu moja la sauti, tusiweze kuwasogeza nyuma bila kumburuta na yeye. Kwa hiyo tulikwenda Etobicoke na spika moja.

Bi mkubwa aliisogelea akainamisha kichwa. Kigelegele cha kwanza kilipolia alitaja jina, cha pili akataja jingine, na kijana wetu mmoja akawa anayaandika kwa kalamu pamoja na dakika na sekunde zake. Tuna majina kumi na moja mpaka sasa. Upande wa pili wa kanda hatujaucheza, kwa sababu kile kipande cha sponji kinachoukandamiza utepe kimedondoka, na fundi anasema atakibadilisha Jumamosi ijayo kwa kukitoa kwenye kanda nyingine isiyo na kitu.